Hiyo Kelele ya Nduthi Ina Babu Yake

Wasee, hiyo Boxer inayoamsha Umoja yote saa saba usiku ina babu yake. Babu ni matatu.

Matatu ziliruhusiwa rasmi 1973, na Eastlands ikazigeuza jukwaa: rangi, muziki, ekzosi ya kunguruma. Ulijua nganya imefika kabla hujaiona. 2004 sheria za Michuki zikaja na mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano. 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, nduthi zikajaa mtaani. Vijana waliolelewa na sauti ya matatu sasa wakawa na injini yao, hata kama ni ya cc 100.

Kwa fundi wa jua kali Kariobangi kazi ni fupi: anakata salensa, anatoa vizuizi vya ndani vinavyovunja sauti, anachomelea paipu fupi. Nguvu je? Inaongezeka kidogo sana. Na usiposeti kabureta upya, injini inakosa petroli ya kutosha, inachemka.

Maoni yangu: matatu ilinguruma kuita abiria. Nduthi saa saba usiku inaita nani? Kwa ploti, kati ya barabara na mtoto mchanga kuna ukuta mmoja tu. Kanuni za kelele zipo tangu 2009, lakini polisi wakibeba pikipiki wamebeba unga wa mtu. Tumalizane hapa mtaani. Fundi aliyetoa vizuizi anaweza kuvirudisha.