Waliotangulia Kileleni: Viongozi wa Milima ya Skye

Safu ya Cuillin, katika kisiwa cha Skye kaskazini-magharibi mwa Uskoti, haifiki hata mita 1,000. Mpandaji wa Kilimanjaro anayeanzia geti la Machame tayari yuko juu zaidi ya kilele cha Cuillin kirefu kuliko vyote, Sgurr Alasdair, chenye mita 992. Hata hivyo wapandaji waliokwisha kufika Himalaya wamekuja kuitafuta safu hii kwa zaidi ya karne moja, na baadhi yao wameondoka na heshima mpya kwa vilima. Mwamba wake mweusi wa gabro huchana ngozi ya vidole, na madini yaliyomo hupotosha sindano ya dira. Mgongo wenyewe, wenye urefu wa kilomita zipatazo 12, una sehemu nyembamba kiasi cha mtu kuukalia kama anayepanda punda. Ukungu ukishuka, nao hushuka bila hodi, anayejua njia ya kurudi ni mwenyeji tu.

Kwa muda mrefu wageni hawakuisogelea. Waandishi Samuel Johnson na James Boswell walizunguka Skye mwaka 1773 wakitafuta watu, makasri na maongezi ya mezani. Milima waliiona kama kizuizi cha safari. Walter Scott alifika kwa meli mwaka 1814, akalitazama ziwa la Coruisk lililozungukwa na majabali, na mwaka uliofuata akaliweka ndani ya utenzi wake, The Lord of the Isles. Mchoraji Turner akafuata mwaka 1831. Baada yao zikaja meli za mvuke zilizoshusha abiria kwenye ghuba ya Scavaig, wakatembea hatua chache hadi ziwani, wakashangaa, wakarudi melini. Utalii wa kutazama ukawa umezaliwa. Wa kupanda ulikuwa bado.

Huo ulianza mwaka 1836 kwa watu wawili. Mmoja alikuwa James David Forbes, mwanafizikia kijana wa Edinburgh ambaye baadaye alipata jina kwa kuchunguza barafu za milima ya Alps. Wa pili alikuwa Duncan MacIntyre, mtunza msitu wa hapo Skye, ambaye alikuwa amekwisha kukijaribu kilele cha Sgurr nan Gillean zaidi ya mara moja na kushindwa. MacIntyre alikuwa na wazo la njia nyingine upande wa kusini-mashariki. Wakaifuata, wakafika. Vitabu vingi humtaja Forbes kwanza, lakini ukweli ni kwamba profesa alileta hamu na ujira, na mtunza msitu akaleta njia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema waungwana wa pwani. Skye mambo yaligeuka, mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Mtu anayevutia zaidi katika kizazi kilichofuata ni Alexander Nicolson, mzaliwa wa kisiwani, mwanasheria na mkusanyaji wa methali za Kigaeli. Mwaka 1873, akiongozana na mchungaji wa kondoo, alipanda kilele ambacho baadaye kilipewa jina lake la Kigaeli, Alasdair. Vifaa vyake vingemtia aibu mwanafunzi wa leo wa kozi ya upandaji. Alipokuwa akishuka mlima mwingine usiku, alitumia shuka lake la sufu badala ya kamba.

Nicolson anafaa kukumbukwa kwa jambo jingine. Wakati vilele vikipewa majina, watu wa chini ya vilele hivyo walikuwa wakipoteza ardhi. Wenye mashamba makubwa walikuwa wamewaondoa wakulima wadogo ili kufuga kondoo, kisha wakatenga maeneo mapana kwa uwindaji wa paa wa matajiri. Aprili 1882, wakazi wa Braes, jirani kabisa na Sligachan ambako wapandaji walilala hotelini, walidai kurudishiwa malisho yao ya mlima Ben Lee. Askari wapatao 50 wakaletwa kutoka Glasgow kuwakamata vinara. Wanawake na wanaume wakawapokea kwa mawe na fimbo. Serikali ikalazimika kuunda tume iliyoongozwa na Lord Napier. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Nicolson huyo huyo, na kikao cha kwanza kilifanyika Braes mwezi Mei 1883. Sheria ya mwaka 1886 ikawahakikishia wakulima wadogo kwamba hawatafukuzwa tena ovyo.

Katika mazingira hayo alikulia John Mackenzie wa Sconser, kijiji kilicho karibu na Sligachan, aliyezaliwa mwaka 1856. Akiwa na miaka 10 alikuwa amekwisha kusimama juu ya Sgurr nan Gillean. Kazi yake ilikuwa ile ya vijana wengi wa huko: kuwasindikiza wageni waliokuja kuvua samaki. Lakini wageni walipoanza kuuliza habari za milima, jibu alikuwa nalo. Ndiye anayehesabiwa kuwa mzaliwa wa kwanza wa Uingereza kuifanya kazi ya kuongoza wapanda milima kuwa riziki. Hadi wakati huo walioishi kwa kazi hiyo walikuwa watu wa Alps.

Mwaka 1886 alifika hotelini Norman Collie, mwanakemia wa Kiingereza aliyekuja kuvua. Aliwaona watu wawili wakining'inia juu ya mwamba, akatamani, akajaribu pamoja na ndugu yake, wakashindwa. Ndipo alipomwendea Mackenzie. Ushauri aliopewa siku ile ulizaa urafiki wa karibu nusu karne kati ya profesa na mkulima, jambo lisilo la kawaida kwa Uingereza ya zama za Victoria, ambako mwajiri na mwajiriwa hawakuzoea kuketi meza moja. Mwaka 1899 Collie aliona kivuli cha ajabu juu ya ukuta wa Sron na Ciche. Akakisia kwamba kivuli kikubwa namna ile lazima kiwe na jiwe lake. Mwaka 1906 yeye na Mackenzie, wakati huo mzee wa miaka 50, wakalifikia jiwe hilo lililochomoza, liitwalo Cioch. Waliotazama filamu ya Highlander ya mwaka 1986 wameliona: juu yake ndipo mapanga yanapogongana.

Kuna pia kisa cha Harkabir Thapa, askari wa Kigurkha kutoka Nepal, aliyeletwa Skye na ofisa wake Charles Bruce. Mwaka 1899 alikimbia peku kutoka hoteli ya Sligachan hadi kilele cha Glamaig, mita 775, na kurudi, kwa dakika 55. Mbio za kila mwaka za mlima huo hukumbuka mguu wake.

Mackenzie alifariki mwaka 1933. Collie alihamia Sligachan uzeeni, akafa mwaka 1942, akazikwa Struan kando ya kaburi la rafiki yake. Kilele cha Sgurr Mhic Choinnich kinabeba jina la Mackenzie tangu alipokifikia na wateja wake mwaka 1887, na mwaka 2020 sanamu ya shaba ya wote wawili ilisimamishwa Sligachan. Ni viongozi wachache wa kulipwa, popote duniani, waliopewa heshima sawa na mabwana waliowaajiri.

Mambo mengine yalikwenda mbio. Mwaka 1911 wapandaji Shadbolt na McLaren waliumaliza mgongo wote kwa siku moja. Mwaka 2013 daktari Finlay Wild aliukimbia kwa muda usiotimia saa tatu. Daraja la kutoka bara lilifunguliwa mwaka 1995, na ushuru wake ukafutwa mwaka 2004 baada ya wakazi kugoma kulipa. Mwaka 2000 mkuu wa ukoo wa MacLeod alitangaza kuiuza Cuillin kwa pauni milioni 10 ili aezeke upya kasri lake la Dunvegan lililokuwa likivuja. Kelele zilizozuka zilikuwa kubwa, na wengi waliuliza aliipata wapi hati ya mlima. Uuzaji haukufanyika.

Tangu sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003, kila mtu ana haki ya kutembea milimani akiwajibika, awe mkazi au mgeni. Hakuna geti wala kiingilio cha Cuillin. Anayetaka kwenda achague Mei au Juni, kabla visubi havijajaa, na fedha ambayo angelipa getini ampe kiongozi wa hapo kisiwani.