Matokeo ya damu yasiyo ya kawaida: Yafahamike vipi kabla ya kumwona daktari bingwa?

MGONJWA anayekabidhiwa karatasi ya maabara yenye herufi H au L kando ya tarakimu mara nyingi hulazimika kumsubiri daktari bingwa kwa wiki kadhaa. Katika kipindi hicho hofu humtawala, na wapo wanaokimbilia dawa wasizoandikiwa. Hata hivyo, karatasi hiyo inaweza kueleweka iwapo mwenyewe atafahamu inachosema na isichosema.

Herufi H huashiria kuwa kipimo kimevuka upeo wa juu wa kiwango cha kawaida, nayo L kuwa kimeshuka chini yake. Viwango hivyo hupatikana kwa kuwapima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua eneo linalowajumuisha asilimia 95 yao. Maana yake ni kwamba watu 5 kati ya kila 100 wasio na ugonjwa wowote huangukia nje ya mipaka. Mtu mwenye afya akifanyiwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya kiwango ni karibu asilimia 64.

Ndiyo sababu daktari hutazama kwanza ukubwa wa tofauti, dalili za mgonjwa, na iwapo kipimo hicho kimekuwa kikipanda au kikishuka kadiri muda unavyosonga.

Chembe za damu

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtu ana upungufu wa damu ikiwa hemoglobini iko chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Miongoni mwa visababishi ni ukosefu wa madini ya chuma, hedhi nzito, minyoo ya safura, malaria, selimundu na maradhi ya figo.

Ukubwa wa chembe nyekundu, unaoandikwa MCV, husaidia kutambua chanzo. Chembe ndogo mara nyingi huelekeza kwenye ukosefu wa madini ya chuma. Chembe kubwa huweza kutokana na upungufu wa vitamini B12 au foleti, unywaji wa pombe, au baadhi ya dawa za kudhibiti virusi vya Ukimwi. Kwa upande mwingine, wakazi wa nyanda za juu kama Eldoret huwa na hemoglobini iliyo juu kidogo, kwani hewa ya huko ina oksijeni haba.

Chembe nyeupe huwatia wengi wasiwasi zinapokuwa chache. Lakini Waafrika wengi huzaliwa na maumbile yanayofanya neutrofili, ambazo ni aina mojawapo ya chembe hizo, zionekane chache ilhali kinga yao ni timamu. Utafiti kuhusu wakazi wa Kericho uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa viwango vyao vya neutrofili ni vya chini kuliko vile vinavyotumika Marekani.

Chembe za kugandisha damu nazo kwa kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita. Malaria huzipunguza, na hurejea baada ya matibabu. Wakati mwingine hushikamana ndani ya chupa ya sampuli, na mashine ikazihesabu pungufu.

Figo na sukari

Kreatinini, kipimo cha utendakazi wa figo, huweza kupanda kwa mtu mwenye misuli mikubwa au aliyekula nyama nyingi. Potasiamu nayo huonekana juu ikiwa chembe za damu zilipasuka kabla ya sampuli kupimwa. Kuhusu sukari, kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi baada ya kufunga kula usiku kucha huashiria kisukari, ila kwa asiye na dalili, sharti kipimo kirudiwe ili kuthibitisha.

Wakati wa kutosubiri

Zipo hali ambazo hazistahili kungoja miadi. Mgonjwa aende hospitalini mara moja akipata maumivu ya kifua, akihema kwa shida, akizirai, akichanganyikiwa, akitokwa na damu isiyokoma, akipata choo cheusi kama lami au macho yakigeuka manjano. Vivyo hivyo kwa homa iliyompata mtu ambaye chembe zake nyeupe ziko chini mno.

Asiye na dalili hizo ana kazi ya kufanya. Ayapange matokeo yake yote, ya zamani na mapya, kwa tarehe. Aandike kila dawa anayotumia, zikiwemo za mitishamba, kwa kuwa baadhi huathiri ini na figo. Asiache dawa alizoandikiwa, wala asianze tembe za madini ya chuma kwa hiari yake. Kwa mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, upungufu wa madini hayo huenda ukatokana na damu inayovuja tumboni, na tembe hizo zinaweza kuchelewesha ugunduzi wa chanzo hicho.

Hatimaye, aandae maswali matatu ya kumuuliza daktari: Je, tofauti hii ni kubwa kiasi gani? Ni nini kinachoweza kuwa chanzo? Na je, kipimo kirudiwe lini?