Mpiga picha "hajulikani", kumbe mwenyewe yupo Bamako anakula pensheni

Mwaka 1991 kule New York kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa za Afrika. Ukutani zikatundikwa picha chache za zamani kutoka Bamako, Mali. Nyeusi na nyeupe, watu wamepiga pamba za maana, pozi zimetulia. Pale panapokaa jina la aliyepiga, ikaandikwa hajulikani.

Hajulikani vipi wakati mtu yupo hai? Mzee alikuwa zake Bamako, amestaafu tangu 1977, na negativu zake kwa maelfu zipo kwenye maboksi.

Tuanze mwanzo. Huyu alikuwa fundi seremala. Chuo cha picha hakukanyaga. Mwaka 1935 anko wake alirudi kutoka Senegal na kikamera kidogo cha Kodak, akampa dogo, basi useremala ukaanza kupoa. Baadaye akapata kamera ya kazi: ile kubwa inayosimama kwa miguu mitatu, mpiga picha anajifunika kitambaa kichwani, na kwenye kioo cha nyuma anamwona mteja kichwa chini miguu juu. Hata wakati huo ilikuwa mambo ya kizamani, maana kamera ndogo za filamu ya kuzungusha zilishaingia sokoni kitambo.

Ila uzee wa hiyo kamera ndio ulimtoa. Negativu yake moja ni sentimita 13 kwa 18, yaani karibu mara 27 ya ile ya kamera ndogo. Kwa hiyo hakuhitaji mashine ya kukuza. Usiku anaingia chumba cha giza, analaza negativu juu ya karatasi, anawasha taa kidogo, anasafisha, picha tayari. Saizi ileile, na kila uzi wa kitambaa unauona.

Shida ilikuwa gharama. Negativu kubwa ni hela, kwa hiyo mteja alipigwa mara moja tu. Hakuna "hiyo futa, tupige nyingine". Ndiyo maana alichukua muda kumpanga mtu: geuka kidogo, bega hivi, mkono weka hapa, tulia. Halafu klik, imeisha hiyo.

Studio aliifungua 1948, sio mbali na stesheni ya treni, enzi Mali bado inaitwa Sudan ya Wafaransa. Taa za studio hakuzitegemea, alipiga uani kwa mwanga wa jua. Pazia la nyuma la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake! Kila baada ya miaka miwili mitatu analibadilisha, na uzeeni ndivyo alivyokumbuka picha ipi ni ya mwaka gani: anaangalia shuka. Na vitu vya kuazima vilikuwepo: suti, saa, kalamu ya wino, redio, hata gari lake Peugeot. Mtu hana redio kwao lakini pichani anayo. Mambo ya kupozi na gari la mtu hayajaanza na Instagram, wadau.

Mwaka 1962 serikali mpya ikamchukua awe mpiga picha wake, na mwaka uliofuata studio ikafungwa. Kimya.

Baada ya yale maonyesho ya New York, Mfaransa mmoja akafunga safari mpaka Bamako kumtafuta mwenye picha. Akampata: Seydou Keïta. Mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake peke yake Paris, na picha zilizokuwa saizi ya kushika mkononi zikakuzwa zikajaa ukutani bila kufifia, shukrani kwa zile negativu kubwa. Alifariki huko huko Paris 2001.

Jina lake sasa linaandikwa vizuri kwenye kila ukuta. Wale dada na kaka waliokuja kwake na pamba zao, wakaazima redio, wakatulia kwa ile klik moja, wengi wao bado makumbusho yanawaandika "bila jina".