Sarfu na Hawala Mpakani: Kutoka Dirhamu za Iraki hadi Kwacha za Ufipa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Tulipokuwa Kaengesa, katika uwanda wa juu wa Ufipa, mzee mmoja, mkulima wa mahindi na maharage, aliinuka baada ya sala ya Alasiri akatuuliza suala. Kijana wake anafanya kazi Zambia. Kila mwezi humkabidhi mfanyabiashara wa Nakonde kiasi cha kwacha, wakapatana papo hapo zitakuwa shilingi ngapi. Shilingi zenyewe mzee huzipokea kwa mtu wa mfanyabiashara huyo baada ya siku tatu, na pengine wiki nzima. Akasema: "Sheikh, nimewasomesha wadogo zake kwa fedha hii. Je, nimewalisha haramu?"

Suala hili si la mzee huyu peke yake, na si la leo. Ndiyo maana tumeona tulirejeshe kwenye asili yake, kisha tuje kwenye jibu.

SARFU KATIKA ZAMA ZA MASAHABA

Waarabu wa Hijazi hawakuwa na sarafu yao. Dinari za dhahabu zilitoka kwa Warumi, dirhamu za fedha zilitoka kwa Wafursi, na kila mfanyabiashara wa Makka alilazimika kuzijua zote mbili. Kwa hiyo Uislamu ulikuta kazi ya kubadilisha sarafu imeshatangaa sokoni. Haukuikataza, bali uliiwekea mipaka. Katika hadithi ya Ubada bin Samit (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim, tumefundishwa kuwa dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha ni sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na jinsi zikitofautiana, watu wauze watakavyo maadamu ni mkono kwa mkono.

Masahaba waliichukua amri hii kwa uzito. Bukhari amepokea kuwa Malik bin Aus alitafuta mtu wa kumbadilishia dinari mia moja. Talha bin Ubaidillah (R.A.) akakubali, akaichukua dhahabu akawa anaigeuzageuza mkononi, kisha akamwambia angoje mtunza hazina wake arudi kutoka Ghaba. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa anasikiliza. Akamwapia Malik kuwa asimwache Talha mpaka apokee chake. Tuzingatie: Talha ni katika kumi waliobashiriwa Pepo, na hakuna aliyemshuku. Lakini uaminifu wa mtu hauondoi sharti la kupokezana.

SUFTAJA: FEDHA ISIYOSAFIRI

Kupeleka fedha mbali ni mlango mwingine. Imepokewa kutoka kwa Ata kwamba Abdallah bin Zubair (R.A.) alikuwa akipokea dirhamu kutoka kwa watu Makka, kisha humwandikia ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraki, nao huzichukua huko. Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa hakuona ubaya. Mafakihi waliuita muamala huu suftaja. Mtu anaokoka na wezi wa njiani, na fedha yenyewe haitoki mahali ilipo.

Wanazuoni walihitilafiana. Mashafi'i wameukataza ukishurutishwa katika mkopo, kwa kuwa usalama wa njia ni manufaa anayoyapata mkopeshaji. Ibn Qudama na Ibn Taymiyya wameujuzisha, kwa kuwa manufaa ni ya pande zote mbili na hakuna anayedhulumiwa. Lakini tuone vizuri: walichohitilafiana ni dirhamu kwa dirhamu. Kutoa dinari Makka ili upewe dirhamu Iraki baada ya mwezi ni jambo jingine, kwani hapo sarfu imeingia, na sarfu haingoji.

FEDHA ILIVYOFIKA UFIPA

Wafipa walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufuma nguo za pamba kabla ya misafara ya pwani kufika Ziwa Tanganyika. Misafara hiyo ilileta merikani na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa thamani ya sokoni huku bara, ilhali hesabu za matajiri wa Unguja ziliandikwa kwa riale.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mapatano yaliyogawa ardhi hizi, na Ufipa ikawa ya Wajerumani. Ikaja rupia ya pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 rupia ikagawanywa kwa heller 100. Neno "hela" tunalolitumia hadi leo ni ukumbusho wake. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza fedha ya madini ilipokuwa haba, serikali ya Wajerumani ilichapa noti za dharura baina ya 1915 na 1917. Wajerumani waliposhindwa, aliyeweka rupia ya madini alibaki na madini, na aliyeweka noti za vita alibaki na karatasi.

Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Ng'ambo ya mpaka, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ilikuwa chini ya Rhodesia ya Kaskazini na fedha yake mbali. Vijana wa kusini magharibi ya Tanganyika waliokwenda migodi ya shaba walirudi na fedha isiyokuwa ya kwao. Baada ya uhuru mgawanyo ukakamilika: Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966 na shilingi yake, na Zambia ikatoa kwacha mwaka 1968. Thamani ya kwacha iliporomoka hata tarehe 1 Januari 2013 Zambia ikafuta sifuri tatu, kwacha 1,000 za zamani zikawa 1 mpya.

JE, KARATASI INA HUKUMU YA DHAHABU?

Wako waliosema noti si dhahabu wala fedha, basi haina riba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kuwa noti ni thamani kamili na zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba, zaka na mengineyo. Sarafu ya kila nchi ni jinsi yake. Kwa hiyo kwacha kwa shilingi, au euro kwa zloty ya Poland, yafaa kuzidiana, lakini haifai kucheleweshana. Na mwaka 1990, Jeddah, baraza hilo liliamua kuwa fedha kuingizwa katika akaunti ya mtu benki ni kupokea kihukumu.

JIBU LETU

Tulimwambia mzee kuwa ubaya haumo katika kwacha, wala katika kutuma. Umo katika kukata bei leo na kupokea wiki ijayo. Njia ya kwanza ya kujinasua ni kijana abadilishe kwanza na apokee shilingi zake mkononi, au ziingie katika akaunti yake, kisha ndipo azitume. Ya pili ni mfanyabiashara awe wakala tu, achukue kwacha kwa amana na ujira unaojulikana, na bei iwe ya siku zitakapobadilishwa na kukabidhiwa. Bei ikipanda au ikishuka njiani, ni ya mwenye mali.

Ama yaliyopita kwa kutojua, Qur'ani katika Suratul Baqara imemwachia yaliyotangulia yule aliyefikiwa na mawaidha akakoma. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ujira wa wakala utapunguza ada ya shule. Tukamwambia huenda ukapunguza. Akasema: "Basi tutapunguza kwingine."

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.