Kibadala cha Kiungo

Katika upishi, kibadala ni kiungo kinachotiwa chunguni kufanya kazi ya kiungo kingine kilichokosekana. Wingi wake ni vibadala. Neno ndugu yake, mbadala, hufuata nomino, kama tusemavyo "kiungo mbadala". Kibadala hujitegemea: kibadala cha zafarani, kibadala cha ukwaju.

Uzito wa fasili hiyo umo katika kazi. Kitenzi kuunga kina maana ya kushikamanisha, na pia ya kukoleza chakula. Mchuzi usioungwa huitwa chukuchuku. Kiungo hutia harufu, rangi, ukali au uchachu. Vingi hufanya kazi mbili tatu kwa pamoja, na kibadala kimoja mara nyingi humudu baadhi tu.

Chukua zafarani ya biriani. Manjano huukaribia wekundu wake wa dhahabu, lakini harufu yake ni nyingine kabisa. Hata matayarisho hutofautiana. Rangi ya zafarani huyeyuka majini, ndiyo maana huroweshwa katika maji au maziwa ya uvuguvugu. Kurkumini, inayoyapa manjano rangi, huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo yakaangwe kidogo kwanza. Harufu iliyopungua itafutiwe kiungo kingine, kama iliki.

Udugu wa mmea haumwongozi mpishi sikuzote. Kungumanga na basibasi ni tunda moja: ya kwanza ni kokwa, ya pili ni utando mwekundu unaoizunguka, nazo hupokezana vizuri. Lakini mbegu za giligilani, ambayo Wakenya huiita dania, zina harufu laini inayoelekea chungwa. Majani ya mmea huohuo yana harufu kali ya ubichi. Hayapokezani.

Kipimo nacho hubadilika. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli yake, inayoipa ukali, hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi, hivyo unga wake utiwe kidogo, uonjwe, ndipo uongezwe. Ndimu ikishika nafasi ya ukwaju huleta uchachu bila ule weusi na utamu wa ukwaju. Ikamuliwe mwishoni, maana harufu yake huruka kwa kuchemka.

Istilahi hii isichanganywe na bandia. Mpishi anayetia manjano akijua ni manjano ametumia kibadala. Muuzaji anayeita nyuzi zilizopakwa rangi zafarani ameuza bandia, na amemdhulumu mnunuzi.

Waandishi wa mapishi yetu wangewasaidia sana wasomaji kama wangeandika kazi ya kila kiungo kando ya jina lake: "manjano, kwa rangi", "ukwaju, kwa uchachu". Aliye mbali na duka la viungo angejua mara moja atafute nini katika kabati lake, na angejua pia ni nini kitakachopungua katika sahani yake.