Difu inayokamata: kutoka Auto Union hadi matope ya Kabasha

KANYABAYONGA – Kila mtu aliyepanda kutoka Rwindi kuja Kanyabayonga siku ya mvua anaijua picha hii. Gari ndogo imesimama katikati ya kona za Kabasha, injini inanguruma, gurudumu moja la nyuma linazunguka bure na kurusha matope, na lile lingine limetulia kimya kama halihusiki. Abiria wanashuka, wanasukuma, wanatafuta mawe. Shoferi anaongeza mafuta, na gurudumu lile linazidi tu kujichimbia shimo.

Injini haina kosa. Nguvu ipo, lakini inakwenda mahali pabaya. Kinachoipeleka huko ni kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma: difu, au différentiel kama wafundi wa Butembo na Beni wanavyosema kwa Kifaransa.

Difu ilizaliwa Paris, mwishoni mwa miaka ya 1820, mikononi mwa fundi wa saa aliyeitwa Onésiphore Pecqueur. Alikuwa akifikiria gari la mvuke, na shida yake ilikuwa kona. Gari inapopinda, gurudumu la nje linakwenda safari ndefu kuliko la ndani. Ukiyafunga yote mawili kwenye chuma kimoja, moja litaburutwa tu. Pecqueur alipanga gia ndogo zinazoruhusu kila gurudumu kwenda kwa mwendo wake huku yote mawili yakisukumwa. Akili nzuri sana, na mpaka leo karibu kila gari inaitumia.

Lakini gia hizo zina tabia moja: zinagawa nguvu sawa kwa sawa, bila kupendelea. Gurudumu likiwa juu ya utelezi, linaweza kupokea nguvu kidogo tu kabla ya kuanza kuzunguka. Basi na mwenzake, hata akiwa juu ya mwamba mkavu, anapewa kidogo hicho hicho. Ndiyo sababu gari yenye magurudumu manne mazuri inaweza kushindwa na kipande kimoja cha udongo mwekundu.

Watu wa kwanza kulilalamikia jambo hili kwa sauti kubwa hawakuwa watu wa matope. Walikuwa watu wa mashindano. Miaka ya 1930, Ferdinand Porsche alichora gari la mbio la Auto Union, lenye injini ya silinda 16 nyuma ya dereva. Nguvu ilikuwa nyingi mno: kwenye kona gurudumu la ndani lilikuwa likizunguka na kutoa moshi. Mwaka wa 1935 kazi ya kutafuta dawa ikapewa kampuni ya Ujerumani ya ZF, na difu inayozuia kuteleza ikapatikana. Miaka michache baadaye difu ya namna hiyo ilikuwa chini ya Kübelwagen, gari dogo la jeshi la Ujerumani, ambalo halikuwa na mvuto wa magurudumu manne lakini lilipita katika tope lililoshinda magari makubwa. Kwa raia wa kawaida ilifika baadaye zaidi: mwaka wa 1956 kampuni ya Studebaker-Packard ya Marekani ilianza kuiuza katika magari ya familia.

Afrika ya Mashariki iliijulia katika Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakazoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka, 7 tu yakamaliza. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, na tena yakamaliza 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na Peugeot 404. Bert Shankland wa Tanzania alikuwa ameshinda na 404 kama hiyo mwaka wa 1966 na 1967. Wazee wa Kivu hawahitaji kuelezwa 404 ni nini, wala 504 iliyoifuata.

Halafu wakaja Wajapani. Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 1600 SSS, gari ndogo ya milango minne ambayo mwalimu au karani angeweza kuinunua. Chini yake ilikuwa na jambo moja la pekee kwa bei yake: kila gurudumu la nyuma lilicheza peke yake, na difu ilifungwa kwenye mwili wa gari kwa bolti, si ndani ya ekseli ngumu. Maana yake, fundi anaweza kuitoa nzima na kuweka nyingine. Nissan yenyewe ilikuwa na difu zinazokamata katika orodha yake ya vipande vya mashindano. Hapo ndipo ulipoanza mchezo wa kubadilisha difu ya Datsun, mchezo ambao haujaisha duniani hadi leo.

Jina moja halifai kupitwa haraka. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, katika familia ya wenye viwanda vya sukari. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na Mehta akawa mtu wa Kenya. Pasaka ya 1973 alishinda Safari na Datsun 240Z, akiwa amelingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya milango minne. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mtu aliyefukuzwa kwao akarudi kuwa bwana wa barabara za eneo zima.

Mwaka huo huo wa 1973, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza zaïrianisation, na maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa. Ukitafuta kwa nini fundi wa upande huu wa mpaka alijifunza kutengeneza kipande badala ya kukinunua, anza na tarehe hiyo. Biashara ya vipande ilisambaratika, na barabara zikaachwa kwa mvua. Wafanyabiashara wa Butembo ndio waliokuja kufungua tena njia za mali, kupitia Kasindi hadi Mombasa, na hata Dubai.

Kwa hiyo swali la difu hapa si la mchezo. Mwisho wa Juni 2024, M23 walipoingia Kanyabayonga tarehe 28, barabara ya kwenda Kayna na Kirumba ilikuwa imejaa watu wanaokimbia. Siku kama ile, gari inayozungusha gurudumu moja ni mzigo kwa walio ndani na ukuta kwa walio nyuma yake.

Tuseme basi mwenye Datsun ya zamani anataka difu inayokamata. Wenye ujuzi huitafuta kwenye Subaru. Inashangaza, lakini ina sababu: Nissan na kampuni iliyotengeneza Subaru zilishirikiana tangu 1968, na difu ya nyuma ya Subaru nyingi ni ndugu wa ile ya Datsun 1600. Baadhi ya Subaru za turbo zina ya kukamata, yenye sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Gurudumu moja likikimbia, mafuta hayo yanakaza na kulivuta lingine. Nyumba inakaribia kuingia mahali pake. Ekseli za pembeni ndizo zinazosumbua, kwa sababu vishikio vyake havifanani, na hapo lazima apatikane mtu wa tingo, si wa nyundo.

Hesabu ya meno nayo isisahauliwe. Kutoka 3.9 kwenda 4.11, injini itazunguka zaidi kwa asilimia 5 hivi kwa mwendo ule ule. Kwenye mlima ni faida. Kwenye tambarare ni mafuta yanayoungua, na saa ya mwendo nayo itadanganya kwa kiasi hicho hicho.

Anayenunua kipande kilichotumika anaweza kukipima kabla gari halijavunjwa. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, toa gia, zungusha moja kwa mkono. Lingine likienda kinyume, mara nyingi hiyo ni difu ya kawaida, hata muuzaji aape. Yakienda upande mmoja, inakamata, au imechomwa. Ili kutofautisha, ingiza gia na uzungushe tena kwa nguvu: inayokamata italegea kwa shida, iliyochomwa haitasogea kabisa.

Kuchomwa ni ule ufundi wa bei ndogo, wa kuunganisha gia za ndani kwa welding ili magurudumu yawe kitu kimoja. Kwenye tope lililonyooka gari inapita kama trekta. Ila kazi ya Pecqueur imefutwa. Kwenye kona kali gari inataka kwenda moja kwa moja, tairi zinalika, ekseli zinapindwa mpaka zinakatika. Na Kabasha, upande mmoja wa kona ni ukuta, upande mwingine ni hewa, na bonde la Rwindi liko chini kabisa. Fundi anayechoma difu ya gari la abiria wa njia hiyo anauza hatari, hata kama mteja ndiye aliyeomba.

Kwa ambaye hana pesa ya difu nyingine, mashoferi wa zamani wana mbinu: gurudumu likianza kuzunguka bure, vuta breki ya mkono taratibu, nusu tu, huku ukiendelea kukanyaga mafuta. Breki inalipa gurudumu lililolegea kitu cha kushindana nacho, na difu, kwa tabia yake ya kugawa sawa, inampa na mwenzake. Hii inafaa kwa gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma na yenye breki ya mkono huko huko nyuma. Carina na Corolla nyingi za teksi zinavutwa na ya mbele, kwa hiyo kwao breki ya mkono haisaidii kitu. Hao bado wanategemea abiria washuke.