Sajini, Wapenzi na Almasi

Askari wa polisi wa London, waliowekwa mwaka 1829, walivikwa sare makusudi ili kila raia awatambue, kwa kuwa Waingereza wa zama zile walichukia mno habari ya serikali kupenyeza majasusi miongoni mwa watu, wakiihesabu kuwa ni desturi ya Ufaransa isiyofaa kuigwa. Ndiyo sababu ilipita miaka 13 kabla ya kuanzishwa idara ndogo ya askari kanzu, watu 8 tu, mainspekta 2 na masajini 6, waliopewa ruhusa ya kuvua sare na kuufuatia uhalifu uliokwisha kutendeka hadi chimbuko lake. Miongoni mwao alikuwamo Jonathan Whicher, mwana wa mtunza bustani, aliyesifika kwa umahiri hata Charles Dickens, alipoandika habari za wapelelezi hao katika gazeti lake mwaka 1850, akamtia na yeye kwa jina lililogeuzwa kidogo.

Sifa hizo hazikumkinga. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1860, katika nyumba iitwayo Road Hill, huko Wiltshire, mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka 4, Saville Kent, alichukuliwa kitandani mwake akauawa, na maiti yake ikapatikana katika choo cha watumishi. Polisi wa wilaya walihangaika majuma mawili pasipo natija, ndipo akaitwa Whicher kutoka London. Naye, baada ya kuwahoji wote na kuzihesabu hata nguo za dobi, akaitegemeza tuhuma yake juu ya jambo moja dogo, kwamba gauni moja la kulalia la Constance, dada wa marehemu kwa baba, msichana wa miaka 16, lilikuwa halionekani. Mahakimu walimwachilia binti yule kwa uhaba wa ushahidi, na ghadhabu ya umma ikamwangukia mpelelezi: vipi mtu wa daraja ya chini athubutu kuingia katika sitara ya nyumba ya waungwana, afunue makabati yao, kisha amtuhumu binti yao kwa mauaji? Magazeti yalimlaumu, afya yake ikadhoofika, na mwaka 1864 akaiacha kazi. Mwaka uliofuata Constance alijisalimisha mwenyewe, akakiri kwamba ndiye aliyeua.

Katika kisa hicho Wilkie Collins, rafiki wa Dickens, alipata mbegu ya riwaya yake *The Moonstone*, iliyotoka kila juma katika gazeti la *All the Year Round* tangu Januari hadi Agosti 1868. Aliondoa mauaji ya mtoto, akaweka mahali pake wizi wa almasi iliyonyang'anywa India katika vita vya Seringapatam mwaka 1799. Lakini nyumba ya waungwana aliiacha, polisi wa wilaya asiyeona mbali aliibakiza, na gauni la kulalia lililopotea likarudi likiwa na doa la rangi ya mlango. Whicher akawa Sajini Cuff, mtu mwembamba apendaye mawaridi kuliko mazungumzo, asiyekubali kamwe kwamba katika upelelezi liko jambo dogo lisilostahili kutazamwa.

Hapa ndipo ufundi wa Collins unaponistaajabisha, kwa sababu hakuandika hadithi ya mjuzi mmoja anayewashinda wajinga wote. Cuff, pamoja na maarifa yake, alikosea, maana alidhani Rachel, mwenye almasi, ameiiba mali yake mwenyewe ili alipe madeni ya siri. Rachel hakuwa na deni. Alikuwa na mapenzi. Usiku ule alimwona kwa macho yake Franklin Blake, kijana ampendaye, akiitwaa almasi, naye akanyamaza karibu mwaka mzima, akivumilia kushukiwa na kumkimbia mpenzi wake bila kumweleza sababu, kuliko kumfedhehesha. Kadhalika Rosanna, mtumishi maskini aliyempenda Franklin huyo huyo pasipo matumaini, alilificha lile gauni chini ya mchanga unaodidimiza wa pwani ya Yorkshire, kisha akajitupa humo akafa. Basi wanawake wawili waliojua nusu ya kweli waliifunga midomo yao kwa ajili ya mtu mmoja, na hakuna sheria wala askari awezaye kuvunja kufuli la namna hiyo.

Aliyelifungua si sajini bali wasio na cheo. Franklin, aliyeanza kumsaka mwizi kwa bidii zote, aligundua kwamba jina lililoandikwa kwenye gauni ni lake, na alipomwendea Rachel ndipo maneno yaliyozuiliwa yakatoka kwa machozi na hasira. Tena Ezra Jennings, msaidizi wa tabibu, mtu aliyedharauliwa na kijiji kizima, ndiye aliyethibitisha kwa jaribio kuwa kijana yule alinyweshwa afyuni kwa siri, akaichukua almasi akiwa hajitambui kwa hofu ya kwamba itaibwa. Collins alizijua nguvu za afyuni, kwani mwenyewe aliinywa kutuliza maumivu ya jongo. Wala Cuff hakuachwa katika aibu: aliporudi, alikiri kosa lake, akaandika jina la mwizi wa kweli ndani ya bahasha iliyofungwa, na safari hii hakukosea.

Njia hiyo ya kumkutanisha askari wa serikali na mtu wa kawaida mwenye akili pevu ilipita kwa Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, ikafika Unguja kwa Muhammed Said Abdulla, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, ilimpa mpelelezi wake Bwana Msa kiko chake na Inspekta Seif wa kushirikiana naye. Tunawasifu Holmes na Bwana Msa, na wanastahili. Lakini msomaji, uwasomapo, mkumbuke pia Jonathan Whicher, aliyekufa mwaka 1881, mtu wa kweli aliyesema kweli akaadhibiwa kwayo.